Kichwa Kware, Kiwiliwili Lucky Summer

Tangu Jumamosi ile, kila ninayekutana naye ananiuliza: ilikuwaje mzee mzima ukaingia ukumbini Pumwani umeshika viatu mkononi, mdomo umevimba, na okestra nzima inakungoja? Nimejibu kipande kanisani, kipande dukani, kipande kwenye foleni ya maji, na kila kipande kimeongezwa chumvi. Wako wanaosema niliibiwa. Wako wanaosema nilipigwa Kariobangi. Sikuibiwa wala sikupigwa. Nimeona afadhali niandike safari yote mara moja, ili wanaonicheka wanicheke kwa yale niliyoyafanya kweli.

Kwanza mjue chombo chenyewe. Filimbi ya okestra ni ya chuma, nayo hulazwa kando ya uso, ikielekea bega la kulia. Ina vipande vitatu: kichwa, chenye tundu la kupulizia; kiwiliwili, chenye vibonyezo vya vidole; na mguu, kile kipande kifupi cha mwisho. Anayejifunza huanza na kichwa peke yake. Kichwa kikizibwa kwa kiganja upande wa chini hutoa sauti moja tu, na mwanafunzi huifanyia kazi hiyo sauti mpaka ikae bila kuyumba. Ndivyo nilivyofunzwa mimi, na ndivyo nilivyomfunza Nekesa.

Nekesa ni mama wa watoto wawili, anafanya kazi katika kiwanda cha plastiki na amepanga chumba Kware. Alinisikia nikipiga kanisani, akaja kuniomba nimfunze. Kila Jumapili alichukua kichwa, na Ijumaa jioni akitoka kazini alikirudisha Lucky Summer kwangu, maana mazoezi ya okestra yetu ni Jumamosi. Nilimwambia, "Ukishikilia sauti moja mimi nikitembea kutoka mlangoni hadi langoni, nitakupa kiwiliwili." Aliweza. Nikasema, "Bado." Wiki iliyofuata nilitembea polepole kama bibi harusi, akaweza tena. Nikasema, "Bado."

Filimbi ni moja, na mimi sikuwa tayari kuiachilia. Isitoshe, meno yangu ya mbele ya chini yalikuwa yamelegea, na daktari alisema angeyang'oa Jumatatu. Filimbi hukaa juu ya mdomo wa chini, na mdomo huo hutegemea meno hayo. Kwa hiyo tamasha la Jumamosi lilikuwa la mwisho kwangu, na ndani yake nilikuwa na sehemu ya kupiga peke yangu, wimbo wa kubembeleza mtoto ambao kiongozi wetu, Mwalimu Gathogo, alikuwa ameupangia okestra. Sikumwambia Nekesa habari za tamasha. Niliogopa angekuja, Gathogo amsikie, aone kuna pumzi changa mlangoni.

Ijumaa matatu ziligoma. Nekesa hakufika. Asingejua kwamba kuna haraka, kwa sababu aliyejua ni mimi.

Lucky Summer hadi Kariobangi

Rispa, mke wa mwanangu, aliniwekea uji mezani. Sikuumaliza.

"Baba, keti ungoje," alisema. "Nekesa hajawahi kukaa na kitu chako. Atakuja."

"Nimengoja tangu jana."

"Jana ni usiku mmoja, Baba."

"Nikifika Kware nakichukua, kisha naenda Pumwani moja kwa moja. Ukiniona hapa kabla ya jioni, ujue mambo yameharibika."

Nikavaa suti na viatu vipya vya tamasha. Kosa la kwanza la safari ni hivyo viatu. Nikatoka na kasha la filimbi, ndani yake kiwiliwili na mguu, na pale pa kichwa shimo tupu lililotandikwa kitambaa cha buluu.

Mtaa wa Baba Dogo wote ulikuwa barabarani. Wafanyakazi wa viwandani, akina mama wa nyanya, vijana waliotoka tu kuona watu wanaotembea. Niliwapita kwa mwendo ambao sikuwa nimeujaribu miaka mingi. Kijana mmoja aliyekaa juu ya ukuta aliniambia, "Buda, punguza! Utafika kabla yako mwenyewe!"

Tulipotokea barabara ya Outer Ring nilijikuta sambamba na mwanamke aliyebeba ndoo ya dagaa wa omena kichwani. Alilitazama kasha langu.

"Umebeba nini, mzee?"

"Filimbi."

"Ya refa?"

"Ya okestra."

"Okestra ni bendi?"

"Ni kama bendi, lakini muda mwingi watu wengine wanakaa kimya, wanahesabu zamu yao ifike."

"Na wewe?"

"Mimi nahesabu kuliko wote. Kazi kubwa ya mwenye filimbi ni kungoja."

Akacheka mpaka ndoo ikatikisika. "Basi mzee ungengojea nyumbani!"

Nilimcheka na mimi, lakini maneno yake yaliniwasha. Ni Rispa yuleyule kwa mdomo mwingine. Nikaongeza mwendo.

Kariobangi, kwa fundi

Karibu na mabanda ya mafundi wa chuma nilikaa juu ya pipa la mafuta kutoa jiwe kiatuni. Sikuona jiwe. Ilikuwa ngozi ya kisigino changu imejikunja. Nilifungua kasha kuhakikisha kiwiliwili kiko salama, na kabla sijalifunga kulikuwa na fundi amesimama juu yangu. Aliitwa Njuguna, hutengeneza mabomba ya moshi ya magari.

"Mzee, hii bomba imekatwa kichwa."

"Haijakatwa. Kichwa kiko Kware."

"Kware yote hiyo, na leo hakuna gari? Kwa nini uende Kware? Ni kichwa tu unataka?"

"Ni kichwa tu."

"Keti. Hiyo nakutolea sasa hivi."

Afadhali ningemshukuru nikaenda zangu. Lakini mtu mwenye wasiwasi hupenda kila njia ya mkato. Nilikaa. Njuguna alikata kipande cha bomba la shaba, akatoboa tundu, akalizungushia bati, akaunganisha kwa risasi iliyoyeyushwa, na upande wa juu akapigilia kifuniko cha chupa kilichofungwa mpira. Watu wakaanza kukusanyika. Alinipa kikiwa bado cha moto.

Nilipuliza. Tangu nizaliwe sijasikia sauti kama ile. Mtu mmoja nyuma akauliza kwa upole, "Ni mbuzi wa nani huyo?"

"Ngoja, ngoja," Njuguna alisema. "Shida ni haijaingia vizuri. Wacha nipanue hiyo nyingine kidogo." Na tayari alikuwa ameshika kiwiliwili changu mkono mmoja na tupa mkono wa pili.

Nilimnyang'anya. Nadhani nilipiga kelele. Hapo ndipo ilipotoka ile hadithi kwamba nilipigwa Kariobangi. Njuguna hakuwa na ubaya. Aliniambia nichukue kile kichwa chake bure, nikampe mjukuu achezee. Niliondoka nikiwa nimepoteza muda ambao ningekuwa nimefika Mutindwa.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Wakati ule nimekaa nimeipa barabara mgongo, Nekesa alipita hapo. Alikuwa ameondoka Kware asubuhi, kichwa changu ndani ya mkoba, anakuja kwangu kwa miguu. Aliona umati, akasikia kitu kinalia, akadhani watu wanachinja, akaharakisha.

Kariobangi hadi Kware

Jua lilikuwa limekaza. Vumbi la Outer Ring siku hiyo halikuwa la magari, lilikuwa la miguu yetu. Nilipita Mutindwa, nikapita Donholm, nikavuka reli. Baada ya reli nilivua viatu. Mtoto mmoja alinionyesha mama yake kwa kidole, na mama akamvuta mkono: "Usicheke, yeye ni pasta."

Kware nilikuwa nimefika mara moja tu. Nyumba za kupangisha zilikuwa zimeongezeka, kila moja imesukuma mwenzake juu, kamba za nguo zikivuka uchochoro. Niliuliza, nikaelekezwa ploti yenye geti la kijani. Kulikuwa na mageti matatu ya kijani. Katika la kwanza walidhani ni mimi mwenye nyumba mpya, wapangaji wawili wakaanza kunilalamikia habari za choo. Nilisikiliza mpaka mwisho kwa sababu sikupata pa kuingiza neno.

Katika geti la tatu nilipanda ngazi hadi juu, nikabisha mlango wa Nekesa. Akafungua jirani yake, Mama Ciku, mama mwenye sauti kubwa na mwiko mkononi.

"Ni wewe mwalimu wa filimbi? Wooi! Na yeye ameenda kwako!"

Nilishika ukuta. "Lini?"

"Asubuhi na mapema. Ameniachia watoto. Ameapa leo harudi kama hujampa hiyo ingine. Ameniambia, 'Mama Ciku, nimechoka na kichwa. Leo nataka mwili.' Nikamwambia, hiyo usiseme kwa sauti, majirani watasikia vibaya."

Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa nahesabu. Nikirudi Lucky Summer, yeye pengine atakuwa ameondoka. Nikikaa Kware, tamasha litaisha. Nikienda Pumwani, nitakuwa na filimbi isiyolia.

"Guka, babu yangu, kwanza kaa ule," alisema Mama Ciku. "Mtu hatoki kwa nyumba ya watu na hiyo sura."

"Asante mama, sina muda."

"Muda unao. Ni nguvu huna."

Alinipakulia githeri. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa na haraka, na hivyo viwili havifai kukaa pamoja mbele ya mahindi magumu. Wiki nzima nilikuwa nimetafuna kwa magego, kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba mayai. Pale nilisahau. Niliuma kwa mbele. Nikasikia kitu kinapasuka, si kwa maumivu kwanza, kwa sauti, na jino likatoka mdomoni pamoja na punje.

Mama Ciku alilitazama kwenye sahani. "Ilikuwa ya kung'olewa ama ni yako tu?"

"Ilikuwa ya Jumatatu," nikamjibu.

Aliniletea maji ya chumvi, akaniomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyeuma. Watoto wa Nekesa walisimama mlangoni wakiniangalia. Mkubwa aliuliza kama mimi ndiye mzee anayesema "Bado". Sikujua hata nyumbani kwao nina jina hilo.

Kware hadi Shauri Moyo

Niliamua Pumwani. Sitasema niliamua kwa busara. Sikuweza kukaa, basi.

Mdomo ulianza kuvimba Donholm, nilipokunja kuingia Jogoo Road. Njia ile ndefu naijua tangu ujana, Makadara, Hamza, Maringo, Kaloleni, lakini siku hiyo kila mtaa ulikuwa umesogezwa mbali na mwenzake. Mbele ya Makadara nilikaa chini kwenye ukingo wa barabara, na mvuta mkokoteni mmoja mwenye fulana iliyotoboka akasimama.

"Mzee, panda. Mzigo wangu nimeshusha, narudi Gikomba."

"Mimi si mzigo."

"Hata mimi si punda. Panda tusaidiane."

Nilipanda. Nilikaa na suti yangu na kasha magotini, miguu ikining'inia. Watu wakatupisha, wakidhani nimefia hapo au niko karibu. Pale Kaloleni mama mmoja aliuliza naenda wapi.

"Pumwani," mvuta mkokoteni akamjibu.

Kwa kuwa hospitali ya uzazi iko Pumwani, mama huyo alinitazama kutoka nyayo hadi kichwani, akasema, "Na huyu naye ameshikwa na uchungu?"

Barabara nzima ilicheka, na mimi pia, na kucheka kukafungua jeraha, nikatema damu kwenye leso. Nilijaribu midomo njiani. Niliikunja kama ya kupulizia, nikatoa hewa. Ilitoka popote ilipotaka. Pale palipokuwa na jino, mdomo uliingia ndani kama godoro lililotoboka. Basi nilijua. Hata nikikutana na kichwa changu, mimi si mpigaji tena.

Shauri Moyo nilishuka, nikamshukuru kijana, nikaendelea kwa miguu.

Pumwani

Nilikuwa bado nje, upande wa ukuta wa ukumbi, nilipoisikia.

Okestra yetu haina zumari, ambayo kwingine ndiyo hutoa sauti ya kulinganishia vyombo. Kwetu sisi filimbi ndiyo hutoa. Kwa miaka yote hiyo ni mimi niliyesimama, nikapuliza sauti moja, na wenye fidla wakakaza nyuzi zao kuifuata. Na sasa nilikuwa nje, nimeshika viatu, na sauti hiyohiyo inatoka ndani. Moja tu, iliyonyooka. Fidla zikaja chini yake moja baada ya nyingine, zikaipapasa, zikatulia. Nilitembea kutoka kona ya ukuta hadi mlangoni, na haikutetemeka.

Nilipoingia mkaniona. Nekesa alikuwa amesimama kwenye nafasi yangu, ameziba kichwa kwa kiganja. Alikuwa amefika Lucky Summer, Rispa akamwambia kila kitu nilichomficha, akageuka papo hapo kuja Pumwani. Gathogo alikuwa amempa kazi ya kulinganisha kwa sababu hakuwa na mtu mwingine.

"Shadrack!" Gathogo alisema. "Umetuua. Unganisha hicho kitu upesi, watu wamekaa."

Nikafungua mdomo kumwonyesha. Akarudi nyuma hatua moja. Kisha akamgeukia Nekesa. "Wewe mama, wimbo wa mtoto unaujua?"

"Naujua kwa kuimba. Tangu utotoni. Vidole sivijui," alisema Nekesa, na hakunitazama. "Sijawahi kupewa."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. Kama ningempa kiwiliwili siku ile ya kwanza alipoweza, angepiga wimbo ule peke yake mbele ya watu, na mimi ningekaa pembeni na shavu langu lililovimba, tamasha likaenda sawa. Ningali nalifikiria hilo nikiamka.

"Tuondoe huo wimbo," Gathogo alisema.

"Usiondoe," nikasema. Maneno yalitoka yakipiga mluzi kwenye pengo. "Yeye anazo pumzi. Mimi ninavyo vidole."

Mliokuwepo mliona. Nekesa aliishika filimbi mdomoni kwa mkono mmoja karibu na kichwa, na mimi nikasimama nyuma ya bega lake la kulia, mikono imenyooka mbele, vidole juu ya vibonyezo. Wakati wa vipande vya kwanza vya wimbo tulikaa kimya, tukihesabu. Nilimsikia anahesabu kwa kunong'ona, na mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwacha mtu mwingine anihesabie.

Zamu yetu ikafika. Sauti ya kwanza ilipasuka, kwa sababu nilibonyeza kabla hajapuliza. Kulikuwa na kicheko. Mama mmoja mstari wa mbele, kwa sauti iliyofika kila mahali: "Sasa hawa wanapiga ama wanapigania?"

Nekesa alinong'ona bila kuondoa mdomo mbali. "Mwalimu, nisikilize mgongo. Ukiinuka, ndiyo naanza."

Nilitazama mgongo wake. Uliinuka, nikabonyeza. Wimbo ukatoka. Haukuwa vile nilivyoupanga mimi miezi yote, wenye madoido. Alivuta pumzi pale ambapo mama hukatiza kumgeuza mtoto mkononi, mahali ambapo mimi nisingekatiza, na ilinibidi kungoja kila mara vidole vikiwa vimesimama hewani. Katikati ya wimbo nilikosea kidole kimoja. Yeye hakukosea. Aliposhusha sauti ya mwisho alishusha taratibu mpaka ikaisha yenyewe.

Kurudi

Mgomo uliendelea jioni ile, tukarudi kwa miguu sehemu ya njia pamoja, mpaka pale njia zetu zilipoachana. Nilikuwa nimeazimwa kandambili na Gathogo. Nilimpa Nekesa kasha zima.

"Chukua. Jumatatu meno ya mbele ya chini yaliyobaki yanatoka. Ilikuwa upewe zamani, na ni mimi niliyekuzuilia."

Aliweka kasha juu ya ukuta mfupi, akalifungua. Nilidhani anaangalia kama kila kitu kimo. Akatoa kichwa, akanipa.

"Kupuliza najua," alisema. "Nitakaa na kiwiliwili nijifunze vidole, hata bila sauti. Wewe ukiwekewa meno mapya, anza na hiki. Jumapili nitakuja, tuunganishe, unionyeshe vidole."

"Nekesa, kwa umri huu?"

"Ukishikilia sauti moja mimi nikitembea mpaka langoni," akasema, "nitakurudishia."

Akaenda zake upande wa Kware, kasha mkononi.

Meno mapya niliwekewa baada ya fizi kupona. Ni magumu na mageni, na kila nikipuliza kichwa kile sebuleni Rispa hukimbilia jikoni kuona kama birika limechemka. Lakini wiki hii, mara mbili tatu, chini ya ule upepo nimesikia kitu. Jumapili Nekesa alipokuja, tayari anapiga ngazi nzima ya sauti kupanda na kushuka, nilimwambia asimame mlangoni. Nikavuta pumzi. Alitembea kuelekea langoni, polepole kuliko nilivyowahi kutembea mimi, na sauti yangu ikakatika akiwa kwenye kamba ya nguo.

Aligeuka. Nilimwona anajizuia kucheka.

"Bado, Mwalimu," alisema.